Mimi, Shemeji na Pweza wa Gati la Zamani

Jumatatu, 3 Machi

Shemeji aliharibu chakula cha jana. Si kwa kula, ingawa alikula. Kwa simu yake. Jumapili ya amani kabisa, tumekaa mezani, nimeshalipigia hesabu paja la kuku, ndipo alipotoa simu na kuanza kutuonyesha picha. Picha za chini ya maji! Eti siku hizi anazamia kando ya ukuta wa bandari, kwenye gati la zamani ambako meli hazifungi tena. Ana miwani. Ana mtungi wa hewa mgongoni. Ana mapezi miguuni kama bata. Daktari wa meno mzima!

Kaa. Kamba. Samaki wa mistari. Kaa yule yule kwa pembeni. Mke wangu akasema kaka yake ana kipaji. Mama mkwe akasema mwanawe tangu mdogo alipenda maji. Kisha akamwekea paja la kuku. Paja langu.

Leo nimekaa dukani nikiwaza. Nimeshona mapazia ya nusu ya mji huu. Watu wanaamka, wanafungua kazi yangu, wanachungulia nje. Wanafunga kazi yangu, wanalala. Nani anajua jina langu? Wanasema tu "yule wa mapazia."

Na habari yenyewe ni hii. Chama cha wazamiaji kinaandaa maonyesho ya picha kwenye ukumbi wa abiria. Mkurugenzi wa bandari mwenyewe atachagua picha moja iliyo bora. Mshindi atapewa cheo: Mlezi wa Ukuta. Picha itatundikwa ukumbini na jina lake chini, kwa herufi za shaba.

Herufi za shaba!

Shemeji tayari ana jina lake mlangoni mwa ofisi, kwenye gari, hata kwenye kalamu anazogawa bure. Ya nini tena?

Nimeamua. Nimemwambia mke wangu alipokuwa anakunja nguo: nami nakwenda kuzamia. Akauliza wapi. Nikasema bandarini. Akaacha kukunja. Mama mkwe alikuwa anapita mlangoni. Alisikia "kuzamia" na "bandarini," basi. Aliondoka na uso wa mtu aliyefiwa.

Jumatano, 5 Machi

Mama mkwe amewapigia simu ndugu wote. Kwake yeye kuzamia ni kitu kimoja tu: mtu anajificha ndani ya meli, anaibukia ng'ambo, anasahau mke na watoto. Mjomba wa mke wangu amenitumia ujumbe wa kunitakia safari njema, pamoja na saizi ya viatu vyake. Mke wangu alimweleza mama yake kwamba ni kuogelea tu, ila chini. Mama mkwe akasema hakuna mwanamume wa umri wangu anayejifunga chupa mgongoni na kuingia baharini bila sababu. Kuna mwanamke huko ng'ambo. Anamwona kabisa. Mrefu, mwembamba, hajui kupika.

Leo somo la kwanza, bwawani. Mkufunzi wa chama ni mwanamke mfupi mwenye sauti ya honi ya meli. Aliniangalia kuanzia juu kwenda chini, macho yakakwama katikati. Suti ya kukodi ilikataa kufunga. Zipu ilifika kitovuni ikagoma. Akasema hakuna kubwa zaidi ya hiyo. Nikamwambia asijali, anaongea na fundi.

Nimekuja nayo dukani, nimeipasua ubavuni na kuongeza kipande. Mpira sikuwa nao. Pazia nilikuwa nalo. Maua mekundu juu ya kijani, kitambaa kizito, hakichuji. Imekaa vizuri ajabu. Ningekuwa dirisha, watu wangenisifia.

Nimejifunza pia lugha ya mikono, maana chini ya maji hakuna maneno. Mengi nimeyaelewa papo hapo. Sikuona haja ya kusikiliza hadi mwisho.

Jumamosi, 8 Machi

Siku ya kwanza baharini. Nilikamatwa getini.

Mlinzi wa bandari aliniuliza mimi ni nani na nimefuata nini. Nikajibu kwa fahari: mimi ni mzamiaji. Nilidhani atanipigia saluti. Akanishika mkono na kuniingiza kibandani. Akafungua begi langu. Biskuti. Maji. Suruali ya kubadilisha. Taulo. Akatikisa kichwa kama daktari aliyeona kipimo kibaya. Nikasema wapigie nyumbani, watanitambulisha. Simu ikapokewa na mama mkwe. Mlinzi akaweka spika, akauliza kwa adabu kama ni kweli mkwe wake ni mzamiaji.

"Ndiye huyo huyo!" sauti ya mama mkwe ikajaa kibanda. "Mshikilie hapo hapo, mwanangu, asipande!"

Mkufunzi ndiye aliyekuja kunitoa. Nyuma yake Shemeji, anacheka kwa meno yote. Ana meno mengi kuliko watu wengine. Nahisi anajiongezea kazini.

Mkufunzi aliiona suti yangu. Akanizunguka nyuma, akarudi mbele. Kisha akasema maneno mawili tu: "Ingia majini."

Sikuzama. Wenzangu wote walipotea chini, mimi nikabaki juu nikielea kama boya, tumbo la maua likitazama mbingu. Abiria wa kivuko walipiga picha. Mkufunzi akaniongezea vipande vizito vya risasi kwenye mkanda wa kiunoni. Nikabaki. Akaongeza tena. Nikaenda kama nanga.

Chini, mkufunzi akanionyesha alama ya kuuliza kama niko sawa. Nikamwonyesha kidole gumba: poa kabisa. Akanipandisha juu. Nikashangaa. Tukashuka. Akauliza. Nikampa gumba. Akanipandisha tena. Baada ya mara kadhaa aliniambia, kwa sauti iliyofukuza ndege mlingotini, kwamba gumba juu maana yake ni "nataka kupanda." Mtu aliyebuni lugha hiyo hakuwa na akili timamu.

Lakini ukuta! Sikuwa nimetegemea. Ukitazama ukiwa juu ni zege chafu na mabaki ya matairi. Chini ni mtaa. Kome wamebanana kama watu kwenye foleni. Sifongo za rangi ya machungwa, nyingine za zambarau, zimetanda ukutani kama zulia ghali. Jongoo bahari amelala kwenye ngazi ya chuma, hana haraka na mtu. Ndani ya tairi, kamba wadogo wanaoonekana hadi matumbo yao. Mkunga, samaki mrefu kama nyoka, ametoa kichwa kwenye ufa, anafungua mdomo na kuufunga kama jirani anayetaka kuanza umbea. Samaki aina ya bunju aliniona, akavimba kama mpira. Nikamwelewa. Tulikuwa na umbo moja.

Na kwenye bomba lililovunjika, jicho. Jicho moja lenye mstari mlalo, linanitazama tumbo. Pweza. Alinyoosha mkono mmoja, taratibu, akagusa ua jekundu. Akabadilika rangi, akawa mwekundu mwekundu. Akagusa kijani. Akajaribu kijani. Kisha akachoka, akawa kahawia, akarudi ndani. Nilisimama pale, yaani nilielea pale, na kwa muda nilimsahau Shemeji kabisa. (Naliandika hili liwe ushahidi kwamba maji yana madhara.)

Picha zangu: kidole changu. Kidole changu. Goti la mkufunzi. Kidole changu.

Picha ya Shemeji: farasi wa baharini, mdogo kama kifungo cha koti, amejizungushia mkia kwenye uzi wa kuvulia. Chama kizima kilisema "aah."

Jumatatu, 10 Machi

Habari mbaya. Tangazo limebandikwa getini: Jumatatu ijayo, siku moja baada ya maonyesho, mkandarasi ataanza kukwangua ukuta wote wa gati la zamani. Utakwanguliwa, upigwe maji ya nguvu, upakwe saruji upya. Uongozi unasema uchafu umezidi. Uchafu! Yule mkunga? Wale kome?

Nilimkuta mkufunzi amekaa kwenye mtungi, kofia mkononi. Alisema ameandika barua, amepiga simu, ameomba miadi. Akajibiwa kwamba mkurugenzi atatazama picha kwenye maonyesho, lakini kaa na kamba hawawezi kusimamisha kazi ya mkandarasi. Labda kungekuwa na kitu cha pekee. Akageuza uso. Sikujua kama yule mama ana machozi.

Kitu cha pekee.

Kichwa changu kilifanya kazi haraka hata nikaogopa. Kama kiumbe wa pekee hayupo, tatizo ni nini? Mimi ni fundi!

Nimefunga duka mapema. Mahameli ya bluu iliyokoza, mabaki ya mapazia ya hoteli. Nyuzi za dhahabu za pembeni, zile za kusokotwa, kwa ajili ya mikono. Shanga za pazia mgongoni. Vifungo viwili vya lulu, macho. Kokoto tumboni ili asielee kama mimi. Nimemshona kwa mkono, uzi wa nailoni. Ana madoido. Ana hadhi. Nimemwita Mfalme wa Ukuta. Nitamweka kwenye ufa, nitampiga picha kwa mbali kidogo, maji yakiwa na ukungu. Herufi za shaba zangu, ukuta umepona, mkufunzi ananishukuru, Shemeji anakula shingo ya kuku.

Mpango hauna kasoro.

Nilimwacha kwenye kochi nikaenda kunawa. Kurudi, mama mkwe amempakata. Akauliza ni nini. Nikasema mto wa mteja. Akasema ni mzuri sana, angeupenda uwe wake, na kama nilikuwa namshonea yule mwanamke wa ng'ambo basi nijue Mungu ananiona. Nilimnyang'anya kwa heshima zote.

Alhamisi, 13 Machi

Asubuhi na mapema. Nilimficha Mfalme ndani ya suti, kwenye sehemu ya maua. Mkufunzi akasema nimenenepa tangu Jumamosi. Nikasema ni mawazo.

Kamera nilikuwa nayo. Mpango nilikuwa nao. Nilimsubiri mkufunzi ageuke kumrekebishia mwenzetu mmoja miwani, nikajitenga kando ya ukuta hadi karibu na lile bomba. Nikafungua zipu, nikamtoa Mfalme, nikamkalisha kwenye ufa. Ee! Alipendeza! Mkondo ulichezesha zile nyuzi za dhahabu, shanga zikameta, hata mimi niliyemshona nilishtuka. Samaki wawili walikuja kumtazama. Nikarudi nyuma kidogo. Nikainua kamera.

Mkono ukatoka bombani.

Kisha wa pili. Ikamshika Mfalme kiunoni, bila haraka, kama mtu anayechagua nyanya sokoni. Nikatupa kamera (imefungwa kwa kamba, asante Mungu) nikamshika Mfalme miguu. Mimi navuta huku, pweza anavuta kule. Nina kilo zaidi ya tisini, yeye hafiki hata tatu, lakini ana mikono minane na hakuwa na mpango wa kushindwa. Mmoja ukaja kushika kamera. Mwingine ukanivua miwani. Maji yakanijaa machoni na puani. Nikaona giza na nikasikia moyo wangu masikioni, na kwa mara ya kwanza sikuwaza herufi za shaba. Niliwaza watoto. Niliwaza mke wangu anakunja nguo peke yake.

Mkono ukanishika bega. Nikadhani ni wa tisa. Ulikuwa wa mkufunzi. Alinivisha miwani, akanitazama machoni, akanishika hivyo hivyo mpaka nilipoanza kuhema kama binadamu. Akauliza kwa alama kama niko sawa. Nikampa gumba juu. Safari hii nilimaanisha.

Juu, mbele ya watu, alinieleza mimi ni mtu wa aina gani. Alitumia maneno mengi. Nisizamie tena mwezi mzima. Nilikubali yote. Sikusema nilikuwa nafanya nini pale.

Mfalme amebaki bombani. Pweza amemfanya mlango.

Picha niliyopata: jicho. Na kidole changu.

Ijumaa, 14 Machi

Siwezi kuandika. Naandika.

Shemeji amezamia leo na taa yake kubwa. Amemulika ndani ya bomba. Amepiga picha. Amekuja nyumbani moja kwa moja, nywele mbichi, hajavua hata soksi za mpira, akisema amegundua kiumbe ambaye hajawahi kuonekana duniani.

Akatuonyesha. Pweza yuko nyuma, gizani. Mbele yake, Mfalme. Mfalme wangu! Mahameli yangu! Kifungo cha lulu kinawaka kama nyota. Ni picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuona, na ninajua bei ya kila shanga iliyomo.

Mke wangu akapiga makofi. Mama mkwe alikuwa anatafuta miwani yake, hakuiona picha, lakini alisema mwanawe tangu mdogo alikuwa mgunduzi. Shemeji akasema mkurugenzi ameshapigiwa simu. Amesema kama kweli ni kiumbe mpya, hakuna mtu atakayegusa ukuta ule. Mtaalamu wa viumbe vya bahari anakuja Jumapili kuthibitisha. Mkufunzi amemkumbatia Shemeji. Kisha Shemeji akasema, huku anatazama chini kwa unyenyekevu wa kununua, kwamba kiumbe atapewa jina lake.

Jina lake!

Nilitoka nje nikazunguka nyumba. Nikisema ukweli, Shemeji anaaibika mbele ya mji mzima. Raha tupu. Lakini mimi pia naaibika, na Jumatatu mkandarasi anaanza kukwangua. Kome, jongoo, yule bunju mwenye umbo langu, wote kwisha. Nikinyamaza, ukuta unapona na Shemeji anakuwa shujaa kwa mto niliokata mimi, nikashona mimi, nikajaza kokoto mimi.

Nimezunguka nyumba mpaka jirani akauliza kama nimepoteza ufunguo.

Nitanyamaza. Huu ni ukimya wa kishujaa. Hakuna atakayeujua, na hilo ndilo linaloniuma hasa.

Jumapili, 16 Machi

Maonyesho. Ukumbi wa abiria ulijaa. Vitambaa vya meza niliviazimisha mimi. Hakuna aliyeuliza ni vya nani. Picha ya Shemeji ilikuwa katikati, kubwa kama mlango, imefunikwa pazia. Pazia langu pia. Mkurugenzi, mtu mrefu mwenye suti ya kijivu, akasema maneno machache ya kujisifu kuhusu zege. Kisha akavuta kamba.

Watu wakasema "aah." Mke wangu akanishika mkono. Shemeji akafungua meno.

Na mama mkwe, aliyekaa mstari wa mbele, miwani puani, akasimama.

"Mbona huyu ni ule mto wa mteja?" akauliza. "Wa pale kwenye kochi! Nimempakata mimi mwenyewe!" Akanigeukia. "Baba, umemtupa baharini? Si ningemchukua mimi!"

Ukumbi mzima uliniangalia. Nilijaribu kujificha nyuma ya mke wangu, ambaye ni mwembamba. Mtaalamu wa viumbe, mzee mpole wa miwani minene, akasogelea picha hadi pua ikagusa karatasi. Akatazama kwa makini. Akasema kwa sauti ya masikitiko kwamba kiumbe huyu ana pindo. Pindo la mkono, limepigwa vizuri sana, lakini ni pindo.

Mtu mmoja akaanza kucheka. Halafu wote. Mkufunzi hakucheka. Shemeji alikuwa amefunga mdomo, na sijawahi kumwona hivyo. Alifanana na mtoto aliyepotea sokoni. Nilidhani nitafurahi. Nilitazama viatu.

Mkurugenzi akakunja karatasi yake. Akasema basi, mchezo umekwisha, kesho kazi inaendelea.

"Samahani," akasema mtaalamu. Bado alikuwa amegusisha pua. Alikuwa haangalii Mfalme tena. Alikuwa anaangalia nyuma yake, gizani, kwenye dari la bomba. Akaonyesha kwa kidole. Pale, yamening'inia kama nyuzi za ushanga mweupe, mengi mno. Mayai. Akaeleza kwamba huyu ni pweza jike na yuko juu ya mayai yake. Hali chakula, haondoki. Anayapulizia maji safi usiku na mchana, na mlangoni anaziba kwa chochote atakachopata. Kwa kawaida huwa ni mawe. Huyu alipata mahameli.

Watu waliacha kucheka.

Mkurugenzi akasema anaelewa, ni jambo zuri, lakini ratiba ni ratiba. Hapo ndipo mama mkwe aliposogea mbele. Mama mkwe anamfika mkurugenzi kifuani.

"Wewe baba," alimwambia, "unataka kumbomolea mama nyumba, na wanawe hawajatoka? Amejifungia ndani na njaa yake, hana hata mlango wa maana, amejizibia na mto! Wewe mama yako alikuzalia wapi, barabarani?"

Mkurugenzi alifungua mdomo. Akaufunga. Akaufungua. Mkunga mtupu. Kisha akatazama ile picha muda mrefu, na bega lake moja likashuka. Akasema kwa sauti nyingine kabisa kwamba mama yake alimzalia chumba cha nyuma cha duka, mvua ikivuja. Akamwita mkandarasi pembeni. Wakarudi na uamuzi: hakuna kukwangua. Nyufa tu ndizo zitakazozibwa, kwa mkono, mayai yakishaanguliwa, na mkufunzi ndiye atakayeonyesha wapi pa kugusa na wapi si pa kugusa.

Honi ya meli ililia. Ilikuwa ni mkufunzi, anashangilia.

Mlezi wa Ukuta: mama mkwe. Mkurugenzi mwenyewe alimvisha utepe. Hajawahi kuloweka hata kidole baharini! Picha itatundikwa, jina la Shemeji chini, maana picha ni yake. Jina langu halipo. Nilimuuliza mtu wa herufi za shaba kama anaweza kuongeza mstari mdogo, "Mshonaji." Akasema herufi zimekwisha.

Shemeji alinifuata kwenye gari. Nilijiandaa. Akasema, "Shem, ungeniambia tu, tungecheka wote." Sijui mtu anamjibu nini mtu wa namna hiyo. Nilimwambia picha yake ni nzuri. Ilinitoka tu.

Njiani mke wangu alicheka mpaka akasimamisha gari kando. Alipomaliza, akajifuta macho, akasema lile pindo lilikuwa zuri kweli. Akaniuliza kama nilikuwa hatarini siku ile ya miwani. Nikasema kidogo. Hakucheka tena. Aliendesha mkono mmoja, mwingine ukiwa umenishika, mpaka nyumbani.

Jumamosi, 12 Aprili

Mkufunzi amepiga simu. Mayai yameanguliwa. Alikuwepo. Anasema walitoka kama vumbi linalometa, kila mmoja mdogo kuliko punje ya mchele, kila mmoja ana mikono minane tayari, wakapanda juu kwenye mwanga. Mama yao hakuonekana tena. Mtaalamu anasema ndivyo walivyo, kazi yao ikiisha wanaondoka. Nilimweleza mama mkwe.  Alivaa utepe wake, akaniomba nimpeleke gati la zamani, tukasimama pale ukingoni mimi na yeye tukitazama maji. Mlinzi alimpigia saluti. Mimi aliniangalia begi.

Njiani akaniambia kwa upole kwamba ameshamsamehe yule mwanamke wa ng'ambo.

Nimekaa nikatafakari mambo haya yote kwa makini, kama mtu mzima. Nimekosea wapi? Nimepitia hatua moja moja. Wazo lilikuwa zuri. Mahameli ilikuwa nzuri. Kokoto zilikaa sawa. Kosa lilikuwa moja tu: pindo lilikuwa nje. Ningeligeuzia ndani, leo hii ningekuwa shaba.

Basi. Jana Shemeji alikuja kula. Ameanza kufuga nyuki! Mizinga nyuma ya nyumba, kofia ya wavu, kila kitu. Mke wangu akasema kaka yake ana mkono wa asali. Mama mkwe akampa paja. Eti kuna mashindano ya wafugaji mwezi ujao, na mshindi ni yule mwenye malkia mkubwa kuliko wote.

Leo sijalala mchana. Nimepima. Malkia wa nyuki si mkubwa, kitambaa kitatosha. Njano ninayo. Nyeusi ninayo. Na pindo litakuwa kwa ndani.